Kroshia, Katekista na Herufi Moja

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeamua. Sifumi tena bure. Kuanzia leo nafuma mbele ya simu.

Sababu ni Eliza. Jirani yangu wa ukuta mmoja, mtu asiyejua hata kurudishia kifungo, anajirekodi akila mbasa. Anakula tu. Anachambua miiba, analamba vidole, anasema jamani ziwa letu, basi. Watu wanamwangalia mpaka Dar es Salaam. Jana alitangaza dukani kwamba video zikikolea atanunua friji. Halafu akakitazama kitambaa cha kochi nilichokuwa nafuma, kama mtu anayetazama mgonjwa asiyepona.

Mimi nafuma tangu darasa la nne. Kroshia yangu imepinda kwa kufuata kidole changu. Kama kula kunalipa, kufuma kutakosaje?

Nimejiunga na kundi la Mwalimu Glorious wa Songea. Anafundisha kwa simu namna ya kuishi kwa video za kile unachokipenda. Ada nimelipa kwa hela ya sabuni. Rodrick, mume wangu, yupo Lituhi kwenye uvuvi wa usipa, dagaa wa ziwa letu, hajui. Simu hii aliniachia nimpigie watoto wakiumwa.

Mwanangu Protasi ameuliza kwa nini naongea na simu ambayo haijapigwa. Ana miaka mitatu na tayari ana wasiwasi.

Jumanne, 12 Agosti

Video ya kwanza imetoka. Simu niliiegemeza kwenye debe la unga. Ikateleza. Sehemu kubwa ya video ni dari yetu na sauti yangu ikisema sasa hapo mnaona vizuri.

Mchana nikaingia kuona nani ameangalia. Mimi. Mimi tena. Dada yangu wa Mpepai. Mimi. Dada ameandika chini yake kuuliza kama yale mahindi yalifika.

Nikamlalamikia Mwalimu Glorious. Akarudisha sauti yenye muziki nyuma yake. Akasema tatizo langu sina hadithi. Watu hawataki kitambaa, wanataka safari ya kitambaa. Na kichwa cha video lazima kiseme nani, wapi na saa ngapi, maana mtu wa mtandaoni hana muda.

Nimeyaandika maneno hayo ukutani kwa mkaa. Protasi ameongezea ng'ombe.

Alhamisi, 14 Agosti

Mungu si Eliza. Nimepata safari ya kitambaa.

Baba Askofu anakuja Jumapili ya tarehe ishirini na nne kutabaruku altare mpya. Kina mama wa parokia wamenichagua mimi nifume kitambaa chake, chenye pindo la zabibu na masuke ya ngano. Nyuzi amezinunua Mama Kunigunda, mwenyekiti wetu, mke wa katekista, alipopita Mbinga. Kikipendeza, kazi ya vitambaa vya vigango vyote, yale makanisa madogo ya parokia, itakuwa yangu, mwaka hadi mwaka. Kisipokuwa altareni Jumamosi jioni, nisionekane tena na kroshia pale parokiani. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, kwa upole, na watu watatu tofauti.

Kukawa na mjadala kifumiwe wapi. Kwangu, wakasema, hapana. Vichanja vya kuanikia usipa viko mlangoni. Mama mmoja mzee akasema Baba Askofu akiinama kubusu altare, asikutane na usipa. Hakuna aliyecheka. Nami nikanusa mkono wangu kwa siri, nikaona ana hoja.

Basi nitafumia kwa katekista Ildefonsi. Nyumba yake iko juu karibu na kanisa, mbali na ufuko, ina kuta nyeupe na dirisha kubwa. Mama Kunigunda yupo Mpepai kwenye kuchuma kahawa, amekubali kwa simu. Sharti lake ni moja, kitambaa kisitoke nje ya nyumba ile.

Kuta nyeupe. Dirisha kubwa. Hata Mwalimu Glorious mwenyewe hana dirisha kama lile.

Jumamosi, 16 Agosti

Kazi inakwenda mbele na kurudi nyuma.

Mbele, kwa sababu mkono wangu ni mwepesi. Nyuma, kwa sababu jana nilimaliza upande mmoja wote kabla ya kukumbuka kurekodi. Mwalimu Glorious anasema safari lazima ionekane tangu mwanzo. Nikafumua. Nikarekodi mwanzo. Gertruda akaamka, nikamnyonyesha, chaji ikaisha. Leo nikafumua tena, maana mwanga wa jana na wa leo haukufanana.

Baba Katekista ni mtu mtaratibu. Anashinda barazani na risala yake. Yeye ndiye atakayemsomea Baba Askofu risala ya parokia, na ameiandaa tangu Pasaka. Anaisoma kwa sauti, anafuta neno, anairudia. Leo alipitia sebuleni kuchukua miwani, akasimama. Akauliza mbona jana kitambaa kilikuwa kirefu zaidi. Nikamwambia uzi mpya huwa unasinyaa ukipata baridi. Akatikisa kichwa polepole. Amefundisha dini miaka mingi, anajua sura ya mtu anayesema uongo, lakini hakutaka kunifedhehesha ndani ya nyumba yake.

Zabibu sijawahi kuziona kwa macho. Zangu zimetoka kama mayai ya samaki. Nitaziacha. Sisi ni watu wa ziwani.

Jumatatu, 18 Agosti

Video kubwa imeondoka leo.

Nimeonyesha sebule, dirisha, pindo, mkono wangu. Nyuma inaonekana na kusikika kwaya ikifanya mazoezi nje. Nilipofika nyumbani nikakaa kuandika kichwa. Gertruda alikuwa kwenye ziwa la kushoto na Protasi kwenye goti la kulia, kwa hiyo niliandika kwa kidole gumba kimoja, tena kile kilichochomwa na kroshia.

Nikafuata mafundisho. Nani: katekista, ili nimshukuru kwa nyumba yake. Wapi: nyumbani kwake. Saa ngapi: mchana, maana mwanga wa mchana ndio sifa ya video hii. Nikaongeza na Mama Kunigunda, asijione amesahaulika. Kikawa hivi: NIMEMFUMIA KATEKISTA NYUMBANI KWAKE MCHANA KWEUPE, MKEWE YUPO SHAMBA.

Kizuri. Kina kila kitu. Nikabonyeza, nikazima simu kutunza chaji.

Jumanne, 19 Agosti

Eliza akae pembeni na friji yake.

Nimewasha simu asubuhi, ikatetemeka mpaka ikaanguka kwenye beseni la dagaa. Nimeikausha kwa kanga. Watu maelfu. Sijawahi kuwa na watu maelfu. Harusi yangu yenyewe ilikuwa na watu wa kutosha vibanda viwili.

Na upendo walionao kwa kufuma! Sikujua. Wananiandikia pole sana dada. Wananiambia usinyamaze, sema yote. Mmoja wa Makambako amesema nina ujasiri kuliko wanaume. Wengi wanalia kwamba nimeonyesha kitambaa tu, wanataka kumwona mwenyewe. Nikaona ni heshima kwa katekista. Mwingine akauliza nimefuma na nani. Nikajibu peke yangu, kwa msaada wa Mungu. Wakataka sehemu ya pili. Nikawaahidi kwamba sehemu ya pili ni kesho, na tutaingia ndani zaidi. Nilimaanisha ndani ya pindo, kwenye masuke.

Mtu mmoja amenitumia ua. Ua la kwenye simu. Nikaenda dukani kuuliza kama ua hilo linaweza kutoa kipande cha sabuni. Mwenye duka akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa.

Hata njiani watu walikuwa wananipisha.

Jumatano, 20 Agosti

Nimeelewa.

Eliza alikuja asubuhi, kwa mara ya kwanza bila kutafuna. Akaniomba nisome kichwa cha video yangu. Nikamsomea kutoka kichwani. Akasema hapana, Mama Protasi, soma kilichoandikwa. Akaweka kucha yake chini ya neno la kwanza.

NIMEMFUMA.

Herufi i haipo. Ilibaki kwenye kidole gumba, au Protasi aliilalia, sijui. Nilitaka kusema nimemfumia katekista, yaani nimemfanyia kazi ya uzi. Nimesema nimemfuma katekista, yaani nimemkamata na mwanamke. Nyumbani kwake. Mchana kweupe. Mkewe yupo shamba. Kisha nikaahidi kuingia ndani zaidi.

Eliza alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akachukua Gertruda, akasema nenda kwa wenyewe kabla hawajakujia.

Nimechelewa. Mama Kunigunda alikuwa ameshashuka kutoka Mpepai, na buti za shamba miguuni na kikapu chenye kahawa mbichi ambayo hakupata hata muda wa kuiacha. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, maana yeye ni mtu wa adabu hata akiwa amekasirika. Akaniketisha sebuleni, chini ya dirisha kubwa, akanipa simu.

"Mwanangu Ottilia, soma hapa kwa sauti."

Nikasoma. Sauti ilitoka ndogo.

"Sasa niambie. Umemfuma na nani?"

"Na uzi, mama."

Akatazama kikapu cha kroshia, akatazama kitambaa, akaona kwamba baada ya siku zote hizi kitambaa ni kifupi kuliko taulo la mtoto. Nadhani hilo lilimuuma zaidi. Akasema mume wake hakuna asichokijua juu yake, miaka yote hii, na mwanamke wa kumkubali mtu anayerudia risala chakula kikipoa hajazaliwa bado. Lakini watu wa njiani hawajaishi naye. Huko juu wameacha kuchuma kahawa wanasoma simu.

Baba Katekista alikuwa barazani. Alikuwa anaosha kikombe kimoja tu, muda wote huo. Nikaenda nikapiga magoti. Hakunigombeza. Alisema tu, "Halmashauri ya parokia wanasema labda risala aisome mtu mwingine."

Heri angenigombeza.

Rodrick amepiga simu kutoka Lituhi. Hakuuliza habari za katekista. Aliuliza mimi nilikuwa nafanya nini pale, mchana kweupe. Nikamweleza habari ya herufi i. Nikasikia mitumbwi ikigongana nyuma yake. Akasema atarudi baada ya sikukuu, na nisiguse chochote chenye herufi.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimeitwa parokiani. Baba Paroko alisikiliza kila mtu. Nilimwonyesha video yote, pamoja na kwaya nzima inayoonekana dirishani, na yeye mwenyewe akipita nyuma na ndoo. Alipojiona na ndoo akafunika uso kwa mkono. Nilidhani analia. Hakuwa analia.

Akaamua. Kwanza, nirudishe herufi i leo hii. Pili, kitambaa kiwe altareni Jumamosi jioni kama tulivyokubaliana. Tatu, habari ya risala ataiamua akishaona kitambaa, maana kitambaa kikiwepo, kila mtu ataona kwa macho kilichokuwa kinafumwa pale nyumbani.

Yaani risala ya yule mzee imening'inia kwenye kroshia yangu.

Nikarudisha i mbele yao wote. Nikaongeza na maelezo na kuomba radhi. Watu mtandaoni wameondoka kama mbuni walioona mvua ikichuruzika. Hapana, sijawahi kuona mbuni. Wameondoka kama usipa mvuvi akiwasha tochi vibaya. Aliyebaki ni dada yangu, anauliza tena mahindi.

Kabla simu haijachukuliwa nikamuuliza Mwalimu Glorious malipo ya wale maelfu yanaingia lini. Akacheka kwa upendo. Akasema kuangaliwa ni kitu kimoja na kulipwa ni kingine. Akaunti yangu bado changa, haijatimiza masharti, na masharti yenyewe anayafundisha kwenye darasa la pili, ambalo lina ada yake. Nikauliza yeye mwenyewe anaishi kwa video za nini. Akasema kwa video za kufundisha watu kuishi kwa video.

Nikalifikiria jibu hilo njia nzima.

Simu imechukuliwa na Mama Kunigunda. Ameifunga kwenye pindo la kanga yake na kulikaza fundo kwa meno.

Jumamosi, 23 Agosti

Kimekwisha.

Sijui imekuwaje. Siku mbili tu. Mama Kunigunda alikaa upande huu, mimi upande ule, hakuna kurekodi, hakuna kufumua. Yeye alishona kitambaa chenyewe kwenye pindo, mimi nikafuma. Nikisimama kujinyoosha ananitazama, nakaa. Jana mchana alinipa uji, akaniwekea mto mgongoni, kisha akaniambia suke la tatu limepinda, nilirudie. Nililirudia. Mikono imevimba.

Watoto walikuwa kwa Eliza. Protasi amerudi ananuka mbasa na anasema jamani ziwa letu kwa kila kitu, hata maji ya kunawa.

Nikamshukuru Eliza, nikamuuliza na friji. Akaangalia pembeni. Akasema friji haipo, Mama Protasi. Tangu aanze hajapokea hata senti, na wale mbasa anawachukua kwa shemeji yake, ambaye sasa ameanza kujificha akimwona. Juzi amechomwa na mwiba kooni, akaacha ukae mpaka video iishe. Nikamwuliza kwa nini haachi. Akasema ameshawaambia watu.

Tulikaa kidogo kibarazani. Nikamfumia mwanawe kofia.

Jioni tulikitandika. Baba Paroko alizunguka altare yote. Akainama, akanusa. Akanyooka, akamwambia Baba Katekista alete miwani yake kesho.

Jumapili, 24 Agosti

Kanisa lilijaa mpaka nje. Sijui wangapi walikuja kwa ajili ya altare na wangapi kumwona katekista.

Baba Askofu alifika altareni. Akainama. Akabusu. Nikamshika Protasi kwa nguvu mpaka akalia. Baba Askofu akanyooka, akapitisha kidole juu ya zabibu, akamnong'oneza Baba Paroko. Baadaye niliambiwa aliuliza ni samaki gani huyu.

Ikaja risala. Baba Katekista alisimama na karatasi yake na suti ya harusi yake. Nyuma mtu akakohoa kile kikohozi cha kusudi. Wawili wakacheka. Mzee akavaa miwani, akasoma habari ya idadi ya Wakristo, habari ya bati la sakristia, habari ya barabara. Akafika kwenye altare. Akatua. Akatazama watu juu ya miwani.

"Kitambaa hiki, Baba Askofu, mama Ottilia ametufumia." Akatua tena. "Narudia. Ametu-fu-mi-a."

Kanisa zima lilipasuka. Hata kwaya. Mama Kunigunda alicheka mpaka akashika mgongo wa benchi. Baba Askofu hakuelewa kitu, akapiga makofi kwa adabu. Mzee akaendelea kusoma mpaka mwisho, ukurasa wote wa shukrani, hakuna aliyekohoa tena.

Nililia. Nilisingizia mtoto amenichoma kidole jichoni.

Jumanne, 26 Agosti

Mambo yamenyooka kabisa.

Vigango viwili tayari vimeagiza vitambaa. Wanalipa kwa fedha, wengine kwa maharage, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nina wafuasi wangapi. Na jana Baba Paroko ameniita. Kanzu yake ya misa imechanika lesi ya chini, anataka pindo jipya. Amenikabidhi nikafumie nyumbani, amesema yeye haogopi usipa. Nimeitundika chumbani, juu ya kitanda, Protasi asiifikie. Nyeupe, imechukua ukuta wote. Rodrick anarudi kesho, atafurahi kuona mke wake anavyoaminiwa.

Simu nimerudishiwa. Mama Kunigunda alinitaka niape mambo mawili mbele ya mumewe. La kwanza, nisimwandike katekista mtandaoni maisha yangu yote. La pili, neno kufuma lisionekane tena kwenye kichwa cha video yangu, liwe na i au lisiwe nayo. Nikaapa. Mimi nikiapa nimeapa.

Lakini nimekaa nikafikiri, maana mtu lazima ajifunze kutokana na yaliyomtokea. Wale maelfu walikuja. Hilo halikanushiki. Shida ilikuwa herufi, si video. Masharti ya malipo yakitimia, vigango ni nyongeza tu. Na lesi ya kanzu ya padre hakuna anayeionyesha, nimetafuta.

Nimerekodi leo, Gertruda amelala. Mwanga si mbaya. Kanzu ukutani, kitanda chini yake, mkono wangu na uzi. Protasi akauliza tena kwa nini naongea na simu. Nikambusu, nikamwambia anyamaze, mama yupo kazini.

Kichwa nimekiandika kwa mikono miwili, nimekaa, bila mtoto hata mmoja mwilini. Katekista hayumo. Kufuma hakumo. Nani, wapi, lini, vyote vimo: BABA PAROKO AMEACHA KANZU YAKE CHUMBANI KWANGU, NAMRUDISHIA KABLA MUME WANGU HAJAFIKA.

Nimekisoma herufi kwa herufi, mara mbili. I zote zipo.

Nimebonyeza. Nimezima simu kutunza chaji.